Mteremko wa Upande Huu

Kijiwe chetu kiko ukingoni mwa barabara kuu, mahali ambapo ngazi za daraja la waenda kwa miguu zinagusa ardhi. Benchi ni moja, refu, la mbao za bodi la lori. Jiko la kahawa la Shangazi liko kushoto, kibanda changu cha viatu kiko kulia, na mbele yetu kuna uzio wa chuma, halafu njia nane za magari, halafu, ng'ambo kabisa, kile kituo kikuu kipya ambamo mabasi, treni, teksi na pikipiki vinakutana chini ya paa moja jeupe. Vinakutana vyenyewe kwa vyenyewe. Sisi tunaviangalia.

Asubuhi hiyo tulikuwa na hasira ya pamoja, na hasira ya pamoja haizimiki upesi kwa sababu kila mtu anachochea kuni zake. Ilikuwa hasira ya Breki. Breki ni mwenzetu, dereva mstaafu wa malori ya masafa marefu, na jina tulimpa sisi kwa sababu akianza hadithi ya safari hana breki. Sukari ilimchukua mguu mmoja mwaka jana, chini ya goti, na kidonda kimekataa kufunga, kwa hiyo kila wiki lazima aende hospitali kusafishwa. Zamani basi la hospitali lilisimama hapa hapa mbele ya jiko. Siku hizi mabasi yote yameamriwa kuingia kituoni ng'ambo, na mtu asiye na mguu anavukaje? Teksi ya kila wiki haimudu. Anabebwa. Tunambeba sisi, yeye juu ya kiti chake cha magurudumu kama bwana harusi, sisi wanaume wanne tunahema chini yake. Wiki iliyopita manyunyu yalilowesha ngazi, mwenzetu Nusu Tiketi akateleza, kiti kikatuponyoka, Breki akabiringika na kidonda kikafumuka.

Sasa binti yake amekuja kumchukua. Ni mwalimu, anakaa mji mwingine, mwendo wa siku nzima, na nyumba yake imepakana na hospitali. Jana jioni alimwambia mama mwenye nyumba wa Breki kwamba hawezi kumwacha baba yake mikononi mwa watu wanaomwangusha, na maneno hayo yalitufikia kabla sufuria za jioni hazijatengwa. Breki mwenyewe, tuliambiwa, hakusema kitu. Mkewe alishafariki, hapa mjini hana ndugu, ana sisi. Leo, kabla teksi haijaja, watapita kijiweni kuaga, na sisi tulikuwa na muda huo tu wa kutafuta maneno ya kumlainisha yule binti ili atuachie mzee wetu.

— Tumwambie ukweli, alianza Injinia. Kosa si letu, kosa ni la mchoro.

Injinia hakusomea uinjinia. Zamani aliajiriwa kwa muda kuwashikia wapima ardhi fimbo ya kupimia, akasimama nayo juani, na tangu hapo hakuna jengo asiloweza kulieleza.

— Mchoro una nini?

— Ulishikwa kichwa chini miguu juu. Nimekitazama kile kituo kwa jicho la kazi. Kule ng'ambo, ambako hakuna nyumba hata moja, ni majani na ukuta, wameweka njia ya mteremko laini, hata bibi anasukuma mkokoteni. Upande huu wenye watu, ngazi. Sasa geuza karatasi. Si unaona? Cha kwetu kimeangukia kule.

— Na treni nayo iligeuzwa?

— Treni haina mbele wala nyuma. Ndiyo maana yenyewe imepona.

Wakili alisema hoja hiyo haisimami mbele ya hakimu yeyote mwenye usingizi wa kutosha. Wakili anafanya kazi kwenye duka la kunakili karatasi mbele ya mahakama, na kesi anazozinakili anazisoma, kwa hiyo anajua sheria kwa vipande, katikati bila mwanzo. Yeye hoja yake ilikuwa kwamba ofisi ya kupokea malalamiko ya abiria wameiweka ghorofa ya juu ya kituo, ng'ambo, makusudi, ili mlalamikaji afike akiwa hana pumzi.

— Mtu asiye na pumzi halalamiki, alisema. Anaomba maji ya kunywa, anashukuru, anarudi kwao. Hiyo ni njama, na njama ni kosa.

— Wahenga walishasema, aliingilia Nusu Tiketi. Haba na haba hujaza kibaba. Ndiyo maana ngazi zimekuwa nyingi vile.

— Methali hiyo ni ya akiba, bwana.

— Na akiba ndiyo hiyo. Wameweka akiba ya ngazi, lifti wamekula.

Nusu Tiketi alikuwa kondakta wa basi, na kwa umbo lake angeweza kupanda basi lolote kwa nauli ya mtoto. Methali zake hutoka hivyo hivyo, nusu. Lakini kuhusu lifti hakuna aliyembishia. Shimo la lifti lipo, pembeni ya kibanda changu, limefungwa kwa bati lenye maandishi makubwa ya rangi nyekundu, LIFTI INAKUJA, na paka wamezaa humo mara mbili. Kila nikiinua kichwa kutoka kwenye soli nasoma maneno hayo. Nimeyachukia mpaka herufi zake.

Wakafika kwenye treni. Nusu Tiketi alishikilia kwamba treni haipo. Nikamwambia mbona tunaisikia kila asubuhi. Akasema ndiyo, tunaisikia, lakini nani kati yetu amewahi kumwona mtu ameshuka? Ile ni sauti wanaipiga kwenye spika ili lile paa lipate maana. Shangazi akasema mpwa wake anapanda treni hiyo kila siku kwenda kazini. Nusu Tiketi akamuuliza kama amewahi kumwona akiwa ndani. Shangazi akaendelea kupepea mkaa wake.

Injinia naye hakukubali kupitwa. Alisema sasa ameelewa, mambo yamefunguka: ngazi zile zimepimwa ili zitafune viatu. Kimo cha kila ngazi kimezidi hatua ya binadamu kwa kidole kimoja, kwa hiyo mtu anapanda kwa ncha ya kiatu, soli inalika mbele, na wauza viatu wa mjini ndio waliotoa chai kwa wachoraji.

— Fundi, akanigeukia, kazi imeongezeka au haijaongezeka?

Hapo nilikasirika. Kazi imeongezeka, sikatai. Viatu siku hizi vinakuja vimelika ncha, vya wanafunzi, vya wauguzi, vya mama wauza mboga, na nyuma vimebaki vipya. Lakini mimi ni mmoja wa wanaobeba kile kiti, na mgongo wangu hauna fundi. Nilimwambia kama nimekula njama na wauza viatu basi anionyeshe fungu langu. Wakili akadakia kwamba tusiwasahau wauza dawa za mgongo. Nusu Tiketi akaongeza waganga wa magoti. Kabla kikombe cha pili hakijapoa, nusu ya mji ilikuwa imekula njama ya kumzuia Breki asivuke barabara, na kila mmoja wetu alikuwa anaamini, kwa sababu ilikuwa raha kuamini.

Aliyekuwa na hasira kuliko wote ni Nusu Tiketi, na sababu tuliijua. Tangu wiki iliyopita amekuwa akicheka kwa sauti kubwa pasipo na kichekesho. Asubuhi hiyo alisimama ghafla, kahawa ikamwagikia suruali yake, wala hakujifuta.

— Leo nakata uzio, alisema. Nakata hapa, mbele ya jiko. Nasimama katikati ya barabara, nasimamisha magari, Breki anapita ameketi kama waziri.

— Njia nane, alisema Wakili.

— Hata kumi na nane. Nimesimamisha magari maisha yangu yote.

— Ulisimamisha basi ambalo lilikuwa linataka kusimama.

— Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu.

— Hiyo unamwambia nani sasa?

— Namwambia uzio, alisema. Mimi ndiye niliyemwachia, jamani. Mkono huu. Nilisikia kiti kinaondoka na sikuweza kukishika. Binti akiniuliza mimi nitasema nini?

Wakili alimvuta akae. Akamwambia hatasema chochote, kwa sababu mshtakiwa ana haki ya kunyamaza, na hotuba ataitoa yeye Wakili kwa niaba ya kijiwe kizima. Akakohoa, akatujaribishia. Binti yetu mpendwa, angesema, aliyemwangusha baba yako si huyu bwana mfupi. Aliyemwangusha ni mtu aliyekaa kwenye kiti cha kuzunguka, kwenye chumba chenye kiyoyozi, akachora kituo cha watu bila kuwauliza watu. Wangetuuliza tungewaambia hapa pana wazee, pana wagonjwa, pana wajawazito. Hawakutuuliza.

— Hawakutuuliza, tukaitikia.

— Wakajichorea wenyewe.

— Wakajichorea.

Ilikaa vizuri. Hata mimi nilisikia mgongo umenyooka kidogo. Injinia alisema hapo pa kiyoyozi arudie mara mbili, na Wakili akawa anajiandaa kurudia, ndipo Shangazi alipotua birika juu ya jiko kwa kishindo.

— Mliulizwa, alisema.

Tukamtazama. Shangazi ni mtu wa maneno machache. Anatusikia tangu asubuhi mpaka jioni, na nadhani kwa kazi hiyo angestahili malipo kuliko ya kahawa.

— Mliulizwa hapa hapa, kwenye meza yangu. Yule dada alikuja kwa miguu, peke yake, na karatasi yake imeviringishwa. Aliitandaza hapa, akaweka vikombe vyangu kwenye pembe ili upepo usiipeperushe. Sasa mnajifanya hamkumbuki.

Akaisimulia huku anafuta vikombe, wala hakupandisha sauti. Yule dada mchoraji alisema kutakuwa na njia ya mteremko pande zote mbili za daraja. Alisema mteremko ukiwa mfupi unakuwa mkali, kiti kinamkimbia mgonjwa, kwa hiyo ili uwe laini lazima uwe mrefu. Na kwa urefu huo, mguu wake unaangukia hapa, penye benchi. Akaomba benchi lihamishiwe nyuma ya kibanda cha fundi, hatua chache tu, na yeye mwenyewe angetusaidia kulibeba. Akauliza kama kuna mwenye la kusema.

— Mkasema, alisema Shangazi. Mlisema kama watu wanaofukuzwa duniani. Injinia akamwambia ardhi ya hapa ni mchanga mtupu, haibebi kitu kizito. Na hizo ngazi zimebebwa na nini? Nusu Tiketi akajilaza chini, akasema wampitishie katapila tumboni. Wakili akasema benchi lina haki ya ukaaji.

— Na fundi alisema nini? aliuliza Injinia, ili asiwe peke yake.

— Fundi alipiga makofi.

Nilipiga, ndiyo. Watu wakihutubia lazima awepo wa kupiga makofi. Lakini sikuona kwa nini hilo litajwe asubuhi ile, na nikamwambia.

Shangazi hakunijali. Alisema yote hayo yule dada aliyavumilia, akawa anaeleza tena na tena kwa upole, mpaka Wakili alipotoa neno la mwisho. Wakili alimwambia: mbao za benchi hili zimetoka kwenye lori la kwanza la mwenzetu, naye ndiye aliyemlipa seremala. Sasa hivi yuko safarini. Akirudi asikute mahali pake pa kukaa, sisi tutamwambia nini? Hapo yule dada alitazama benchi. Akaviringisha karatasi yake, akasema basi ataona namna ya kuweka ngazi, maana ngazi hazili nafasi, na lifti itafuata baadaye.

Tulishangilia siku ile, siwezi kusema uongo. Shangazi mwenyewe alitugawia kahawa ya bure. Breki aliporudi tulimwambia tumelilinda benchi lake, serikali nzima ilikuja tukaishinda, naye akafurahi mpaka akacheza hapo kwenye vumbi, kwa miguu yake miwili. Hatukumwambia kilichokuwa kijengwe mahali pake. Wakati ule kilikuwa si kitu, mteremko tu.

— Mchanga ni mchanga, alisema Injinia. Mimi sibadilishi.

— Lifti iliahidiwa, alisema Wakili. Hapo ndipo penye uvunjaji wa mkataba. Tushike hapo pa lifti.

— Maji yakimwagika hayazoleki, alisema Nusu Tiketi.

Safari hii methali ilikuwa imekaa mahali pake sawasawa, na hakuna aliyejua la kuifanyia. Nilimkasirikia Shangazi kwa kweli. Nilimwambia kama alikuwa anayajua yote hayo kwa nini hakusema siku ile ile. Akasema siku ile alikuwa muuza kahawa kama leo, na nani kati yetu aliyemuuliza.

Injinia akanong'ona kwamba wanakuja. Tukakubaliana bila kukubaliana: habari ya yule dada na karatasi yake isitajwe.

Binti alikuwa anasukuma kiti mwenyewe, juu ya kokoto, taratibu, akilizunguka kila shimo. Breki alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi na mguu wa suruali umekunjwa ukabanwa kwa pini. Sisi tulikuwa tumejiandaa kupokea adui, na yeye akaja na adabu, jambo ambalo liliharibu kila kitu.

— Shikamooni, wazee wangu.

— Marahaba, mama.

Breki aliomba kuwekwa mahali pake, mwisho wa benchi, karibu na joto la jiko. Tukasogea kumnyanyua, watatu. Nusu Tiketi alibaki nyuma, mikono ameificha mgongoni.

— Wewe vipi? Breki alimwambia. Njoo ushike. Wewe ndiye unayeujua uzito wangu.

Nusu Tiketi akaja, akashika, na machozi yalikuwa yanamtoka waziwazi wala hakugeuza uso. Tukamkalisha Breki kama mtu anavyotua yai. Shangazi akampa kikombe chake, bila sukari.

Wakili alisimama. Kile kiti cha kuzunguka na kiyoyozi alikiruka. Alisema tu kwamba mzee huyu ni wetu, tumeishi naye miaka mingi, tunajua anapocheka na anaponuna. Kwamba tutafunga kamba kwenye kiti, tutapanda siku isiyo na mvua, tutatafuta mtu wa tano. Aliomba. Sijawahi kumsikia Wakili akiomba kitu, na hakuwa na ujuzi nacho, alikuwa anarudia maneno.

Binti alimsikiliza mpaka mwisho. Alisema yale ya jana aliyasema kwa uchungu, na anaomba radhi. Alisema baba yake amemwambia kila siku tuliyombeba, na kama angekuwa na kaka wanne wa aina yetu asingekuwa na hofu ya dunia. Nusu Tiketi akainamisha kichwa zaidi. Kisha binti akakaa kwenye kigoda cha Shangazi, akatugeukia wote.

— Sikuja nikiwa nimekata shauri la kumchukua, alisema. Jana nimeshuka treni pale kituoni, nina begi zito. Nikaona ule mteremko, nikavuta begi mpaka juu ya daraja, hata sikulinyanyua. Nikafurahi peke yangu. Nikasema kumbe baba anaweza kusukumwa na mtu mmoja tu, mtu huyo naweza kuwa mimi. Shule zipo hapa, ningeomba uhamisho, nihamie kwake. Nilikuwa nimeshapanga mpaka chumba. Halafu nikafika upande huu nikakuta ngazi.

Alitazama ngazi, akatazama lile bati la maandishi mekundu, akatazama vibanda vyetu.

— Wenzenu waliotengeneza kule hawakuwa wajinga, aliendelea. Sasa nauliza kitu kimoja, maana ninyi ndio wenyeji. Mteremko wa upande huu ulikuwa ushukie wapi?

Ng'ambo treni iliingia, spika ikawa inataja majina ya vituo. Injinia alikuwa anachimba ardhi kwa ncha ya kiatu. Wakili alifungua mdomo, nikaona hoja inakuja, nikaona inarudi. Mimi nilikuwa na kiatu cha mtu mkononi, nikakigeuza, nikatazama soli, nikakigeuza tena.

— Baba, wewe unajua? binti aliuliza.

— Sijui, mwanangu. Mimi nilikuwa safarini. Hawa ndio walikuwepo.

Breki akatugeukia, anatabasamu, kiganja chake kimetulia juu ya ubao wa lori lake.

— Ulikuwa ushukie wapi, jamani?

Aliuliza kwa wema. Alikuwa anataka kujua tu. Tungeweza kumwambia hapo ulipokaa, Breki, hapo hapo, tulikataa ili wewe upate pa kukaa. Maneno yenyewe ni machache. Nilimtazama Wakili, ambaye neno la mwisho siku ile lilikuwa lake. Wakili alikuwa anatazama kikombe. Shangazi alituangalia mmoja baada ya mwingine, akatupa muda wote tuliouhitaji.

Teksi ikapiga honi. Binti alingoja kidogo zaidi, akaona aibu kwa niaba yetu, nadhani, akasema si kitu, alikuwa anauliza tu. Tulimbeba Breki mpaka kwenye teksi. Hakuna aliyeteleza. Kiti tukakikunja tukakitia nyuma, na binti akamshika kila mmoja wetu mkono, Nusu Tiketi kwa mikono miwili.

Breki alitoa kichwa dirishani.

— Nilindieni benchi langu, alisema. Msikubali wakaliondoa.

— Halitaondoka, alijibu Nusu Tiketi, kwa sauti ambayo sikuijua.

Teksi kutoka hapa haiwezi kugeuka. Lazima iteremke na barabara kuu mpaka kwenye mzunguko, ndipo irudi kwa njia za upande wa pili. Kwa hiyo tulisimama tukasubiri, na baada ya muda tukaiona inapita tena, nyuma ya uzio, chini ya ule mteremko mzuri wa ng'ambo. Mkono wa Breki ulikuwa nje ya dirisha. Hatukujua kama anatupungia au ameuweka tu.

Tulirudi tukakaa. Nilikuwa na hasira ya kupasua mawe, na niliitafutia mtu ng'ambo kama kawaida yangu, sikumpata. Injinia alikohoa. Akasema kama ule mzunguko ungepimwa vizuri, teksi isingelazimika kwenda mbali vile, na kwamba kwa jicho lake yeye kuna kitu pale kimefichwa. Alinyoosha kikombe chake kwa Shangazi, tayari kuanza.

Shangazi alinyanyua birika kutoka jikoni, akaliweka nyuma ya miguu yake.

— Kahawa imekwisha, alisema.

Birika lilikuwa zito alipolitua, sote tuliliona, na mvuke ulikuwa bado unatoka. Hakuna aliyebisha.